Bafu Lililolala Kifudifudi

Kutu ikilowa maji hunuka kama damu, na pua haisahau. Juma lililopita fundi alikuja kwetu hapa Othaya kukagua bafu la chuma la marehemu baba, lile bafu refu la kulala ndani na kuoga, na alipomwagia maji palipochubuka ili aone kutu imekula hadi wapi, harufu ile ikanipanda. Nikashika mlango. Fundi, kijana mwenye adabu zake, akaniuliza kama niko na presha. Presha sina. Nilikuwa tu nimerudi mwezi wa saba wa utoto wangu, nikiwa na miaka kumi, ukungu umeyakalia mashamba ya majani chai hadi saa sita mchana, mlima haujaonekana wiki ya tatu mfululizo, na Baba amepiga magoti nyuma ya zizi akikwaruza chuma kwa brashi ya waya. Sauti ile ilinitia ganzi ya meno wakati ule, na hata sasa ninapoandika nayauma meno.

Bafu hilo halikutoka dukani. Baba alikuwa seremala, na katika ujana wake, kabla sijazaliwa, aliitwa kwenda kubomoa nyumba kuukuu ya mzungu karibu na Naro Moru, mojawapo ya zile nyumba za mawe zenye dohani kubwa ambazo wenyewe walikwisha kwenda zao. Mbao zilipata mtu, mabati yakapata mtu, bafu likakosa. Baba akaliomba. Wanaume sita walilipandisha juu ya lori la viazi, akaja nalo kwetu kwenye vilima ambako hakukuwa na bomba wala chumba cha kuogea. Watu walioga kwa karai nyuma ya migomba. Wee, walimcheka! Ati seremala anataka kulala ndani ya maji kama kiboko! Basi akaliweka kando ya zizi likawa hori la kunyweshea ng'ombe, kama walivyofanya wengi waliopata mabafu ya namna hiyo, akalipaka rangi ya buluu ndani ili kutu isilitoboe.

Lakini mimi sikulikuta likiwa hori. Nilipopata akili nililikuta limelala kifudifudi juu ya mawe manne nyuma ya zizi, miguu yake ya chuma yenye kucha za simba ikitazama juu. Hakuna aliyeniambia nisiliguse. Ila nikilikalia, Mama angetokea mlangoni mwa jikoni na kusema, "Shuka hapo," kwa sauti ya chini ambayo hakuitumia kwa jambo jingine lolote, hata nilipovunja chupa ya taa. Nyasi za kuzunguka pale alizifyeka Baba mwenyewe, hakumtuma mtu. Na mvua iliponyesha, bafu lilisikika hadi ndani ya nyumba. Chuma kitupu kikipigwa na matone hutoa sauti ya mtu anayebisha hodi kwa adabu, hachoki wala hazidishi. Siku moja, nikiwa na miaka sita hivi, nilichoshwa na mtu huyo asiyefunguliwa, nikaenda mvuani nikabisha na mimi kutoka nje, mara tatu, kisha nikatega sikio. Sitawadanganya kwamba nilijibiwa. Ila nilirudi mbio, na tangu siku ile nikawa napita upande wa pili wa zizi.

Jina langu ni Wambui, lakini karibu watu wote huniita Njoki. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, kwa hiyo Wambui halikuwa la kushangaza. Njoki maana yake ni aliyerudi; huitwa hivyo mtoto aliyepokea jina la mtu ambaye amekwisha kufa. Nyanya alikuwa amekufa, kwa hiyo sikuuliza. Nilidhani nimerudi badala yake, na nilijivuna kidogo, maana Baba aliniita Maitu, yaani mama yangu, kama wafanyavyo akina baba wa kwetu kwa binti aliyebeba jina la mama yao. Mama ndiye aliyenitatiza. Mara mojamoja, akiwa amezama katika kazi, aliita "Wambui!" kwa sauti laini kabisa. Nikaitika, nikaja mbio. Naye akanitazama juu hadi chini, akasema, "Ah, ni wewe." Haki ya Mungu, hakuna kinachomchosha mtoto kama kuitwa, akafika, kisha akawa siye.

Mwaka ule baridi yabisi ilimshika Mama nyonga na magoti. Alikuwa mchumaji wa majani chai tangu usichana, kikapu mgongoni, umande hadi mapajani, na maumivu aliyaficha miezi mingi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na ngazi za kanisa, akashindwa kuzipanda mbele ya watu wote. Baba akampeleka hospitali, nami nikaenda kubeba mkoba. Muuguzi alikuwa anajaza kadi, anauliza hiki na kile.

"Mama, uko na watoto wangapi?"

"Wawili," Mama akasema.

Nikacheka. "Mama, si ni mimi peke yangu?"

Hakuna aliyecheka nami. Baba alikuwa anaitazama kofia yake aliyoishika mikononi. Muuguzi akanitazama, akamtazama Mama, akaandika bila kuuliza tena. Daktari alipomaliza kumpima alisema msimu wote wa baridi akae ndani ya maji ya moto kila siku, yafike kiunoni, na karai halitafaa kwa sababu ugonjwa uko kwenye nyonga. La sivyo, akasema, mwaka ujao huenda asitembee. Tulipofika kwenye lango letu Baba alisema maneno mawili tu: "Bafu liko." Mama akaingia jikoni.

Kesho yake Baba alikata magogo mawili ya kuliviringishia, akaniita nimsaidie. Alizungumza nami huku akitazama magogo. Kabla yangu, alisema, kulikuwa na Wambui mwingine, msichana wa miaka miwili aliyekuwa ameanza kukimbia. Siku hiyo Mama alikuwa ameenda kuchuma majani, mtoto amebaki na Baba. "Nilijaza humu maji ya ng'ombe," alisema. "Nikaenda kumfungua ng'ombe. Kamba ilikuwa imelowa, fundo likakaza. Likanishinda. Nikakazana nalo." Akaligeuza gogo moja. "Maitu, ni fundo tu." Nilielewa papo hapo kwa nini kwetu ng'ombe hawakufungwa kamba kama kwa majirani, kwa nini Baba alikuwa amejenga zizi la mbao na kuwaacha huru ndani yake. Baada ya kumzika mtoto kando ya ua, alilifunika lile bafu ili maji yasituame tena ndani yake, hata ya mvua. Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi, na wazee wakasema basi, amerudi, hakuna la kulilia. Kwa hivyo hawakulia. Watu wetu wana makosa yao, na hilo ni moja: kumpa mtu mtoto mwingine mwenye jina lilelile na kumtaka anyamaze.

Tena nikaelewa jambo jingine ambalo nililiona kila siku bila kuliona. Kabla ya kula, mtu mmoja hushika birika na kuwamiminia wenzake maji ya kunawa. Baba alipolishika birika, mimi nilinawa, wageni walinawa, lakini Mama alisema amekwisha kunawa jikoni. Akiwa na kiu alijitekea mwenyewe. Hakuwahi kumlaumu Baba, hakuwahi kumtukana, alimpikia na kumfulia na kusali naye. Ila kwa miaka kumi na moja hakupokea maji kutoka mkononi mwake. Na sasa Baba alikuwa anamtengenezea bafu. Si kwamba alikosa akili. Alijua kabisa alichokuwa anaomba, na alijua kwamba Mama akikataa, miguu yake itakwenda, na ndoa yao itabaki ilivyokuwa mpaka kaburini.

Tulipolipindua, chini yake palikuwa na nyasi nyeupe zisizojua jua na konokono wengi. Ndani, ile rangi ya buluu ilikuwa imejichubua hapa na pale, kutu imetambaa kuzunguka tundu la kutolea maji. Na ubavuni, karibu na ukingo, palikuwa na alama ya kiganja cha mtoto, vidole vitano vimetanuka, imezama ndani ya rangi. Alikuwa amegusa ikiwa mbichi. Baba alisema alicheka siku ile, akaiacha. Kisha akanituma nikamletee maji ambayo hakuyahitaji. Niliporudi niliuweka mkono wangu juu ya ule mdogo ili nione. Wangu ulizidi pande zote, na nikaona aibu, kana kwamba nimevaa nguo ya mtu bila ruhusa.

Baba alikwenda Nyeri kutafuta rangi. Muuza duka alimweleza, nami nikisikiliza: "Hii iko na mikebe mbili, mzee. Ukishachanganya, iko na saa moja tu, inaganda. Na lazima utoe rangi yote ya zamani, ama itabanduka kama ngozi ya nyoka. Na ingine, haipendi baridi. Haipendi kabisa." Baba aliitikia kila neno kama mwanafunzi. Alilisafisha bafu kwa magadi na maji ya moto, akalisugua kwa malimau, akakwaruza kutu kwa brashi ya waya, akaziba mashimo, kisha akaanza na msasa, ule mkali kwanza halafu ule laini, siku baada ya siku. Mimi nilimkatia msasa na kufuta vumbi. Alianzia miguuni, akaja kichwani, akamaliza upande wa kulia, na kila siku kipande cha buluu kikapungua kuzunguka kile kiganja, mpaka kikabaki peke yake kwenye chuma kitupu.

Jioni hiyo Mama alikuja na fimbo yake hadi pale. Hakuwa amekuja hata siku moja.

"Na huo mkono utaufuta?" akauliza.

Baba alibaki amepiga magoti. "Rangi mpya haishiki juu ya ile ya zamani," akasema. "Wameniambia."

"Wamekuambia."

"Niambie niache, nitaacha. Nitaliviringisha hadi mtoni hata sasa hivi."

Mama hakumwambia aache, wala hakumwambia aendelee. Baba akausubiri mdomo wake, wapi! Mwishowe akachukua msasa laini, si ule mkali, akausugua ule mkono polepole, kidole baada ya kidole, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Nilimwona baba yangu akilia na sikujua nitazame wapi. Alipomaliza, Mama aliinama kwa shida, akalikusanya lile vumbi la buluu kwa ukingo wa kiganja chake, akalifunga kwenye pindo la leso na kuondoka nalo. Sijui alilipeleka wapi. Nimepekua sanduku lake, nimepekua hata Biblia yake, sijaliona.

Bafu likaingizwa kwenye chumba cha kuogea ambacho Baba alikijenga kwa matofali ubavuni mwa nyumba. Alipaka koti la kwanza la rangi, likachukua siku tatu kukauka. La pili, siku nne. Mwezi wa saba kwetu hata soksi haikauki, sembuse rangi isiyopenda baridi. Na wakati huo Mama alikuwa hawezi tena kuinuka kitini bila kushikwa. Haraka haraka haina baraka. Baba aliijua methali hiyo, lakini miguu ya Mama haikuwa na muda wa methali. Jumapili baada ya kanisa alipaka koti la tatu, akaziba dirisha kwa gunia ili vumbi lisiingie, akawasha majiko mawili ya makaa, akayaingiza ndani ili chumba kipate joto. Kila mtu wa nyanda za juu anajua habari ya jiko na chumba kilichofungwa. Kila msimu wa baridi tunasikia nyumba fulani haikufunguliwa asubuhi. Na bado tunayaingiza, kwa sababu baridi unaihisi, na ile sumu huihisi. Baadaye kidogo akarudi ndani kutazama rangi, akaufunga mlango nyuma yake ili joto lisitoke.

Mimi na Mama tulikuwa jikoni, mlango wazi, nikimenya minji, yeye akiwa kitini na blanketi magotini.

"Baba yako yuko wapi?"

"Yuko na rangi."

"Amenyamaza tangu lini?"

Nilishangaa. Baba alikuwa na kawaida ya kuimba puani akifanya kazi, nyimbo za kanisa zisizo na maneno, na nilikuwa nimezizoea hadi sizisikii tena. Kumbe Mama alikuwa anazisikia. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akimsikiliza. Kabla sijajibu, blanketi lilikuwa chini na yeye alikuwa nje. Mtu asiyeinuka bila kushikwa! Alikimbia, naapa alikimbia, akausukuma ule mlango kwa bega, na nilipofika nilimkuta Baba ameanguka kando ya bafu, uso umegeukia sakafu. Mama alimkamata ukosi wa shati kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto akaukandamiza ubavuni mwa bafu apate nguvu, akavuta, nami nikavuta, tukamtoa hadi kwenye nyasi, kwenye manyunyu.

"Baba Wambui!" Mama alipiga yowe. Sikuwa nimewahi kusikia akimwita hivyo. "Baba Wambui! Usinifanyie hivi mara ya pili! Unanisikia? Si mara ya pili!" Alimpiga makofi ya shavu, akamtikisa, akamwita kwa jina hilo mpaka majirani wakatokea kwenye ua. Baba akakohoa, akatapika, akafungua macho. Kitu cha kwanza alichokiona ni mkono wa Mama, mweupe wa rangi mpaka kwenye kifundo. "Umeharibu koti," akasema. Mama akaketi pale kwenye matope, akalia kilio kilichochelewa miaka kumi na moja, na Baba akamwegemea wakalia wote wawili. Mimi nilisimama kando na ganda la minji mkononi. Hakuna aliyeniambia niache kutazama.

Rangi ilipoganda, alama ilikuwa pale: kiganja kizima cha mtu mzima, ubavuni, karibu na ukingo, mahali palepale palipokuwa na kile kidogo. Baba alileta msasa. Mama akasema, "Wacha." Neno hilo moja, basi. Alhamisi tulichemsha maji kwenye sufuria kubwa, Baba akamwingiza Mama ndani, mimi nikabaki nje ya mlango, ambao safari hii uliachwa wazi kidogo. Kisha nikasikia mtungi ukimiminwa, na Baba akiuliza kama yametosha.

"Ongeza," Mama akasema.

Akamimina. Akauliza tena.

"Ongeza. Kwani unaogopa nini?"

"Naogopa," Baba akasema.

"Hata mimi," akasema Mama. "Ongeza." Baadaye alianza kuongea kwa sauti ya chini, na ndani ya maneno yake nikasikia jina, Wambui, na kwa mazoea nikaitika kutoka nje. Wakanyamaza wote wawili. Sikuitika tena jina hilo kwa miaka mingi.

Miguu ya Mama ilipona kiasi chake. Alichuma majani misimu mingi baada ya pale, na mezani alinyoosha mikono Baba aliposhika birika. Wasemao yaliyopita si ndwele hawakulelewa nyumbani kwetu, lakini nitawapa haki yao: kuna kuganga. Baba amefariki, miaka mitatu sasa. Mimi nimerudi kukaa na Mama, maana kumbukumbu zimeanza kumtoka, anasahau kama amekula, anamuuliza fundi kama ng'ombe wamenyweshwa. Siku hizi maji ya moto yanatoka ukutani na rangi ya bafu hupulizwa kwa mashine. Fundi ameniambia atafunga hita isiyo na moshi, asubuhi atapuliza, jioni litakuwa limekauka. Siku moja! Nilifikiria majiko yale mawili, nikakaa kitako. "Na hii alama ya mkono nitaiziba, madam," akasema, "haitaonekana hata kidogo. Itakuwa laini, mpya kabisa." Nikamwambia nitampigia simu. Sijampigia.

Jana nilimwogesha Mama. Siku hizi ananiita Wambui, na mimi naitika. Hanitazami tena juu hadi chini; anafurahi, ananishika shavu, ananiuliza kama nimeshiba. Zamani ningetoa chochote nipokewe hivyo, na sasa napokewa, na najua si mimi ninayepokewa, na naitika. Nilimkalisha ndani ya maji yakamfika kiunoni. Mkono wake ukapapasa ubavu wa bafu, ukaifikia ile alama, ukasimama. Aliitazama muda mrefu, ile alama ya mkono wake mwenyewe wa zamani, mpana, wenye vidole vya nguvu. Alipouweka wake wa sasa juu yake, ulipwaya pande zote.

"Ona," akaniambia, uso wake umefunguka. "Ona mkono. Kumbe amekua."

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Amekua."

Akaniambia niongeze maji.